Shajara ya mradi: kuiandaa famasi yetu kwa ukaguzi wa mkataba wa bima (Tanga, Februari hadi Mei 2025)

Famasi yetu iko Ngamiani, Tanga. Ina chumba cha mbele na stoo nyuma, na wafanyakazi wanne: mimi mfamasia msimamizi, fundi dawa sanifu mmoja, dada wa kaunta na kijana wa zamu ya jioni. Tuna mkataba na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kwa hiyo wenye kadi hutuletea fomu 2C za daktari (fomu za Mfuko za kuchukulia dawa), tunawapa dawa, na mwisho wa mwezi tunaudai Mfuko. Ninaandika ili mwenye famasi ya ukubwa huu asirudie makosa yetu. Bei zote ni shilingi za Tanzania, nilivyolipa mimi.

10 Februari 2025: Chanzo

Madai ya Januari yalikuwa fomu 318, milioni 7.4. Makato, yaani kiasi ambacho Mfuko umekataa kulipa, yamefika 512,000. Hajati, mwenye famasi, aliitazama karatasi ya makato kisha akanitazama mimi. "Mwanangu, hii ni kodi ya pango ya mwezi mzima na chenji juu." Sikuwa na la kujibu. Nilipokaa kusoma sababu za makato moja moja, niliona kwamba mkaguzi wa Mfuko angeingia siku hiyo hiyo tungeaibika kwa mengi kuliko hizo fomu. Mkataba unampa haki ya kuona fomu, leja (daftari la dawa zinazoingia na kutoka), ankara na rafu. Tumejipa miezi mitatu.

14 Februari: Kujikagua wenyewe

Nilichomoa fomu 50 za Januari bila kuchagua. Safi zilikuwa 31. Zilizobaki 19 nilizipanga mezani kwa kosa. Sita, namba ya uhakiki wa kadi haipo au haifanani na ya kwenye kompyuta. Nne hazina muhuri wala namba ya usajili ya daktari. Tatu zimefutwafutwa kwenye idadi ya vidonge. Mbili, ugonjwa ulioandikwa hauendani na dawa. Nne za mwisho ndizo zilizoninyima usingizi, nitazieleza mbele kwenye tarehe yake.

Mambo ya ukutani yalikwisha mchana mmoja: cheti cha usajili wa jengo, kibali cha biashara, vyeti vyetu vya Baraza la Famasi, saa za kazi, sanduku la maoni. Yote yalikuwepo ila mawili yalifichwa na kalenda ya msambazaji wa dawa. Tuliitoa kalenda.

Jambo moja la aibu: fomu zilizoharibika tulikuwa tunazikata vipande na kutumia mgongo wake kuandikia hesabu za kaunta. Upande wa pili kuna jina la mgonjwa, namba ya kadi na ugonjwa wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, na hata isingekuwepo, nani angependa ugonjwa wake wa sukari uzunguke Ngamiani na bei ya sabuni? Vipande vyote tumevichoma nyuma ya jengo.

20 Februari: Fomu 2C, jaribio la kwanza lililoshindwa

Wazo langu la kwanza lilikuwa kuzipitia fomu zote mwenyewe mwisho wa mwezi. Nimejaribu na za nusu ya kwanza ya Februari. Saa nne usiku nilikuwa bado nina fomu 90, macho yamechoka, na makosa niliyoyaona hayakuwa na dawa tena: mgonjwa keshakwenda Pangani, daktari yuko likizo. Kosa la fomu hurekebishika mgonjwa akiwa bado amesimama mbele yako, au angalau kesho yake.

Jaribio la pili, karatasi za njano zenye gundi. Dada wa kaunta anabandika "rudi kwa daktari" juu ya fomu yenye tatizo. Feni ilizipeperusha. Siku ya tatu tulizifagia chini ya kabati.

Kilichofanya kazi ni hiki: kila asubuhi saa nne, mmoja wetu ambaye hakuwepo zamu ya jana anapitia fomu za jana. Ni fomu 12 hadi 15, dakika ishirini. Yenye kasoro inaingia faili jekundu na haidaiwi mpaka itoke humo. Namba ya uhakiki sasa anaisoma mmoja kwa sauti na mwingine anaifuata kwenye skrini. Zamani mtandao ukizingua tuliinakili kwenye kiganja au kikaratasi, ndipo tarakimu zikabadilishana viti.

Kuhusu ngazi za vituo: Mwongozo wa Tiba na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu wa 2021 unaipa kila dawa herufi ya ngazi inayoanzia kuandikwa. A ni zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D ya mkoa, S ya mabingwa. Dawa ya C ikija imeandikwa na zahanati, madai yake yana kila sababu ya kukatwa. Mimi nilijua, dada wa kaunta hakujua, na kosa hilo ni langu, maana sikuwahi kumwambia. Tumechapa orodha ya dawa zetu 140 zinazotoka sana na herufi zake, imebandikwa upande wa ndani wa kaunta.

27 Februari: Zile fomu nne

Mgonjwa analeta fomu ya metformin, dawa ya kisukari, vidonge 60. Rafuni vimebaki 30. Tunampa 30, tunamwambia "njoo keshokutwa uchukue vilivyobaki." Anasaini fomu, kwa sababu fomu ni moja na foleni ni ndefu. Keshokutwa haji. Mwisho wa mwezi tunadai 60.

Hakuna aliyekusudia wizi. Lakini mkaguzi haoni makusudio, anaona saini ya vidonge 60 na mgonjwa anayesema kwenye simu kwamba alipata 30. Jina la jambo hilo ni udanganyifu.

Nikarudi nyuma miezi mitatu, Novemba hadi Januari, kwa kulinganisha fomu na salio la leja la siku ile ile. Zimepatikana 23. Tumepiga simu zote. Wagonjwa tisa walikuja kuchukua dawa zao, na mmoja, bibi wa Makorora, alishukuru kana kwamba tunampa zawadi. Kumi na wanne ama hawakupatikana ama walishanunua kwingine. Thamani ya hizo kumi na nne ni 287,400.

Hapa tulibishana na Hajati. Alisema, "Hawajauliza, wewe unakwenda kujishitaki?" Nikamwambia, "Hajati, pesa hizi si zetu. Tukizirudisha sisi ni marekebisho, wakizikuta wao ni kesi." Alinyamaza muda mrefu, akazungusha tasbihi, akasema, "Andika hiyo barua, lakini niisome kabla haijatoka." Barua imekwenda na orodha ya fomu, tumeomba kiasi hicho kikatwe kwenye madai yajayo.

Utaratibu mpya: mgonjwa anasaini mwisho, baada ya dawa kuhesabiwa mbele yake. Kwenye fomu inaandikwa idadi iliyotoka, si iliyoandikwa na daktari. Iliyobaki inaingia daftari la deni la dawa, nakala moja anakwenda nayo mgonjwa. Kinachodaiwa ni kilichotoka mlangoni.

6 Machi: Friji, na kadi nzuri kupita kiasi

Dawa zetu za baridi ni insulini zaidi ya yote. Kiwango ni nyuzi 2 hadi 8. Kadi ya joto ilikuwa ukutani, imejazwa asubuhi na jioni bila pengo: 4, 4, 5, 4. Nilikuwa naipita kila siku na kujisifu moyoni.

Juma hili nimeisoma. Jumapili ya tarehe 16 Februari, siku tuliyofunga famasi, ina namba mbili. Siku mtaa mzima ulipokosa umeme kutwa nayo ina 4 na 5. Wino ni ule ule, mwandiko umelala upande ule ule. Kijana wa jioni alikiri mara moja: anaijaza kadi mwisho wa juma, mkupuo mmoja. "Bosi, niliambiwa kadi isiwe na nafasi wazi." Nani alimwambia? Mimi, mwaka jana.

Kushawishika kulikuwepo, sitasema uongo. Kadi nzuri, kwa nini uiguse? Lakini kipimajoto kipya cha kidijitali, kinachokumbuka kiwango cha chini na cha juu, nilikiweka usiku mmoja nyuma kabisa ya friji, karibu na bamba la barafu. Kimeonyesha -1. Usiku uliofuata nikakiweka mlangoni: 11. Na insulini zilikuwa zimepangwa kote kuwili.

Insulini iliyowahi kuganda haifai hata ikiyeyuka ikaonekana safi, na kwa macho huwezi kuitambua kila mara. Chupa 12 sikuweza kuzitetea. Zimetengwa, hasara 216,000. Sikulala vizuri nikiwaza zilizokwisha kutoka. Tulipiga simu kwa wote waliochukua insulini Februari, watu saba, tukawaomba wazirudishe tuwabadilishie. Watano walizileta. Wawili walikuwa wameshazimaliza. Tuliwaomba wapime sukari na kumwona daktari wao, na tumeandika hivyo.

Kwenye kadi ya zamani nimepiga mstari na kuandika: "Kumbukumbu za kabla ya tarehe 6 Machi 2025 si za kuaminika. Sababu: zilijazwa kwa pamoja." Nikasaini. Haikutupwa, imo kwenye faili.

Matengenezo ya friji yenyewe yalikuwa madogo. Maji ya kunywa ya wafanyakazi na juisi za futari vimehamishwa. Dawa zinakaa rafu ya kati tu, mbali na bamba la nyuma, hakuna kitu mlangoni. Chupa za maji zimejazwa chini na mlangoni ili umeme ukikatika baridi isikimbie haraka. Swichi ya kurekebishia baridi imerudishwa nyuma hatua moja. Usiku wa tatu kipimo kilikuwa chini 3, juu 7. Vipimajoto viwili 90,000. Boksi la baridi na vipande vyake vya barafu 85,000. Kadi mpya ina safu ya chini, juu, sasa na saini, na tumekubaliana kwamba nafasi wazi yenye maneno "tulifunga" ni halali kabisa.

15 Machi: Joto la chumba

Dawa nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30. Stoo yetu saa tisa alasiri: 34. Tanga wakati huu hata kivuli kina jasho.

Tulianza na cha bei nafuu, mapazia mazito ya 70,000 dirisha la magharibi. Zimeshuka nyuzi mbili. Feni ya pili haikushusha kitu, ilizungusha hewa moto. Mwishoni Hajati alikubali kiyoyozi, 1,150,000 pamoja na fundi. Sasa ni 26 hadi 28. LUKU ya mwezi imepanda kutoka 95,000 hadi kama 170,000; weka hilo kwenye hesabu kabla hujanunua, kwa sababu mashine ni gharama ya mara moja, umeme ni wa kila siku.

Kosa la fundi lilikuwa kukielekeza kiyoyozi kwenye rafu ya chini, na bomba la maji likavuja juu ya katoni mbili za dawa za maji. Tumezihamisha, tukainua rafu zote kutoka sakafuni. Masika yakianza sakafu hii hunyonya maji yenyewe.

22 Machi: Leja, kompyuta, rafu

Tumehesabu dawa 60. Ni 38 tu zilizolingana pote patatu. Nyingi ya zilizobaki zilipishana kwa sababu zamu ya jioni, baada ya tarawehe, watu wanakuja kwa mkupuo na mauzo yanaingizwa kwenye kompyuta kesho yake kwa kukumbuka. Tumehamishia mfanyakazi mmoja zaidi zamu ya saa mbili usiku mpaka Ramadhani iishe. Haikuhitaji ujanja zaidi ya huo.

Rejista ya dawa zinazodhibitiwa ilitupa jasho la peke yake. Diazepam: rejista inasema 140, kopo lina 130. Tulipekua kila droo. Saa mbili baadaye fundi dawa aliona kwamba salio lilipohamishwa ukurasa mpya, 130 iliandikwa 140. Haikufutwa. Imeandikwa mstari wa marekebisho wenye tarehe, sababu na saini mbili. Sasa inahesabiwa kila Jumatatu.

5 Aprili: Zilizoisha muda

Zilikuwa kwenye boksi chini ya meza, pamoja na chaja mbovu na mwavuli. Zimeorodheshwa kwa jina, bechi (namba ya toleo la dawa), kiasi, thamani na sababu, zikafungiwa kabati lenye kufuli na maandishi mekundu. Thamani yake ni 604,000, ambayo kusema kweli ni bei ya kununua kwa pupa. Maombi ya kuziteketeza yamepelekwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), maana hazitupwi jalalani wala chooni. Ada na usafiri zimefika 130,000.

Rafuni, inayoisha mapema inakaa mbele. Kila sanduku linaloisha ndani ya miezi sita lina alama ya kalamu nyekundu.

19 Aprili: Mkaguzi wa kuazima

Nilimwomba mfamasia mwenzangu wa mtaa mwingine aje kama mkaguzi, bila kuwaambia wafanyakazi siku. Alikuwa mkali kuliko nilivyotaka. Hakuanza na mafaili. Alimwuliza dada wa kaunta: "Mwenye kadi akikuomba umbadilishie dawa kwa maziwa ya mtoto ya bei ile ile, utafanyaje?" Dada akajibu vizuri. Akamwuliza kijana: "Fomu imeandika vidonge 30, una 20, mgonjwa anasaini lini?" Kijana akasita, akanitazama. Hiyo ndiyo alama tuliyoikosa. Kumbe kijana utaratibu aliusikia mara moja tu, akiwa na njaa ya saumu. Tumerudia, safari hii kwa kuigiza, Hajati akiwa mgonjwa msumbufu, na aliifurahia kazi hiyo kupita kiasi.

Fomu 50 za nusu ya pili ya Machi: safi 46.

8 Mei: Wamekuja

Saa tatu asubuhi, watu wawili, vitambulisho vyao nilivikagua na kuviandika kwenye daftari la wageni. Friji waliitazama dakika moja. Ile kadi yenye mstari waliisoma mara mbili, mmoja akauliza maswali matatu, akaandika, wakaendelea. Barua yetu ya Februari walikuwa nayo tayari.

Kilichotukwamisha hakikuwemo kwenye orodha yetu hata kidogo. Walichagua dawa tatu, wakaomba ankara zote za manunuzi za Januari hadi Machi, na wakaweka tunachonunua kando ya tunachodai. Mbili sawa. Losartan 50 mg, dawa ya presha: salio la mwanzo 300, ankara 1,800, tumedai 2,400. Vidonge 300 vimetoka wapi?

Vilitoka kwa jirani. Dawa ikiisha tunaazimana, tukinunua tunarudisha, kwa neno la mdomo, kama watu wanavyoazimana chumvi. Vile 300 tuliviazima Machi na kuvirudisha Aprili. Hakuna ankara, hakuna bechi iliyoandikwa, hakuna kitu. Mimi mwenyewe ndiye niliyekwenda kuvichukua. Wameliandika kama hoja na kutupa siku 14 za kujibu.

19 Mei

Jirani alitupa barua na nakala ya leja yake yenye kutoka na kurudi kwa vidonge 300. Bahati yetu yeye huandika. Tumejibu hoja. Tangu leo azima ina hati yake: dawa, bechi, tarehe ya kuisha, idadi, saini za pande zote mbili, na inaingia leja kama manunuzi yanavyoingia. Ukinakili kitu kimoja tu kwenye shajara hii, nakili hiki, maana sijaona famasi ndogo isiyoazima.

24 Mei: Hesabu

Vipimajoto, kiyoyozi, mapazia, boksi la baridi, insulini, rejista na mafaili na mihuri (140,000), kuteketeza dawa na yale marejesho: jumla 2,168,400, bila thamani ya zilizoisha muda na bila nyongeza ya LUKU. Kiyoyozi peke yake ni zaidi ya nusu.

Madai ya Aprili yalikuwa milioni 7.1, makato 64,500. Ni fomu tano, na tatu kati yake nilizipitisha mimi asubuhi moja niliyokuwa na haraka ya kwenda benki. Hajati ameziweka kwenye kioo cha ofisi.

Hoja ya losartan imefungwa jana. Kesho Jumapili tunahesabu rafu ya antibayotiki, ambayo kwenye hesabu ya mwisho bado ilipishana kwa dawa nne.